Siku mama yangu aliyeitwa mkimbizi alipokalia gogo la kizuizi, njia ya Biharamulo

Wakuu, za mchana. Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe mapema.

Kuna uzi kule jukwaa la siasa. Jamaa mmoja kaandika kwamba watu wa Ngara wote ni wakimbizi waliosahau kurudi kwao. Watu wakampa like. Wengine wakacheka mpaka wakaweka vikatuni vya machozi.

Nilianza kumjibu kulekule, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nimeona nimletee stori nzima hapa, jukwaa lishuhudie.

Ni kitu nilichokiona kwa macho yangu, nimesimama palepale, vumbi mdomoni. Sina sababu ya kutia chumvi. Yenyewe ilikuja na chumvi yake ya kutosha.

Mimi ni Mhangaza. Nyumbani ni Murukulazo, Ngara, mkoa wa Kagera. Babu yangu kazikwa pale pembeni ya migomba yetu, na baba wa babu yangu kazikwa palepale. Siku hizi niko Mwanza, nina kaduka ka vifaa vya ujenzi. Kwa hiyo nikikatika katikati ya stori mjue kaja mteja wa misumari.

Turudi nyuma.

Miaka ya tisini, ile miaka ya wakimbizi. Walivuka kutoka Rwanda na Burundi mpaka wakatuzidi wenyeji kwa wingi. Vilima tulivyochungia mbuzi vikawa mahema ya plastiki. Kuni zikaadimika. Bei ya ndizi ikapanda, ikashuka, ikapanda.

Niseme kabisa, sina ugomvi na wakimbizi. Mama yangu aliwapikia watu uji uani kwetu wiki ya kwanza, kabla gari la shirika lolote halijafika. Alikuwa anawapa na chumvi, maana walikuwa wanaomba chumvi kuliko chakula. Ugomvi wangu ni mwingine, mtauona.

Magari meupe yalipofika yalikuja na ajira. Mimi nikapata kwenye shirika moja, kitengo cha maji, kambi ya upande wa Kasulo, hukohuko Ngara. Kazi yangu ilikuwa kufungua na kufunga koki za matenki na kutuliza foleni ya ndoo. Nikavishwa kitambulisho shingoni, chenye picha na plastiki juu. Kikumbukeni hicho kitambulisho.

Sasa, mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa amehamia Nyamigogo, wilaya ya Biharamulo, kufuata mashamba mapana. Binti yake Leokadia akapata mchumba. Siku ya wakwe kuja kujitambulisha ikapangwa, Jumamosi, mchana.

Hapa niwaeleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo stori haina miguu.

Kwetu, anayekupa pombe anaionja yeye kwanza mbele ya macho yako. Anakuonyesha kwamba hakuna kitu ndani. Hajaonja, hunywi. Hata awe katekista, hata awe ndugu yako wa damu. Mtoto wa Kihangaza analijua hili kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

Na kwenye ukoo wa mama, pombe ya kuwapokea wakwe inapikwa na shangazi wa binti. Shangazi ndiye anayeonja mbele ya wakwe. Akishaonja, wanakunywa, mazungumzo yanaanza. Shangazi asipokuwepo, wakwe wanakaa wanatazamana, kisha wanaondoka. Wakiondoka hivyo, kurudi ni majaliwa.

Shangazi mwenyewe wa Leokadia alikuwa mmoja tu. Mama yangu.

Kwa hiyo mama alipika pombe ya ndizi, akaijaza kwenye kibuyu kikubwa, akaziba mdomo kwa majani ya mgomba. Nikamwambia aweke kwenye dumu, ni rahisi kubeba. Akaniangalia kama nimemwambia aiweke kwenye kiatu.

Mimi nikajipendekeza kwa bosi wangu, mama mmoja wa Kizungu, mtu mzuri tu, tena mchapakazi. Nikamwambia Jumamosi gari letu linakwenda Biharamulo, naomba mama yangu apate siti. Akasema sera hairuhusu ndugu wa wafanyakazi. Nikamwambia siti ziko wazi. Akasema sera ni sera. Akanionya na usafiri wa umma pia, kwamba barabara ile si salama, mfanyakazi asipande.

Nikasema asante. Jumamosi nilikuwa ofu, na siku ya ofu miguu yangu hailipwi na shirika.

Asubuhi tukashuka mpaka barabarani, tukapanda Land Rover 109 ya Mzee Novati. Wazee mnaikumbuka hiyo gari. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba ya katani, ila ilipanda milima yote bila kulalamika. Siku hiyo nafasi ilikuwepo, watu walikuwa wameanza kuogopa kusafiri. Tulikuwa sisi, katekista mmoja mwenye mwavuli, mama mmoja muuza dagaa aliyekuwa anarudi Biharamulo, na wengine wawili watatu waliosinzia.

Waliogopa kwa nini? Kwa sababu wakati huo kulikuwa na amri kwamba mkimbizi asionekane nje ya kambi. Vizuizi vikawekwa barabarani. Amri yenyewe sina tatizo nayo. Tatizo, sisi Wahangaza na Warundi lugha zetu zinasikilizana, sura zetu zinafanana, majina yetu yanafanana. Sasa mtu aliyeletwa juzi kutoka mbali atatutenganisha kwa kipi?

Jirani yetu mmoja alipakiwa kwenye lori akitoka mnadani na mbuzi wake. Yeye alirudi baada ya kuhangaika sana. Mbuzi hakurudi mpaka leo.

Na kingine kilichokuwa kinaniuma, mkimbizi alikuwa na kadi. Kadi ya chakula, ina jina, ina kambi, ina idadi ya watoto. Mwenyeji hakuwa na kitu. Ukiulizwa wewe ni nani kwenye ardhi uliyozaliwa, jibu ulikuwa nalo mdomoni tu.

Ngoja kidogo, mteja.

Nimerudi. Alitaka mabati ya rangi ambayo hata kiwandani hawaijui.

Tukafika kizuizini, baada ya kuipita Kasulo, mahali ambapo pori linaanza. Kilikuwa kizuizi cha kawaida, gogo refu limelala juu ya barabara, upande mmoja wamefunga mawe ili linyanyuke kirahisi. Walikuwepo vijana watatu. Sitasema wa kikosi gani, si shabaha yangu.

Mkubwa wao alikuwa kijana mwenye koti refu la mvua, jua kali. Watu walimwita Afande wa Tanga, kwa sababu kila akisimamisha gari alianza na wimbo huohuo: mimi mtu wa Tanga, lugha zenu sizijui, ongea Kiswahili au usiongee. Na Kiswahili chake kweli kilikuwa safi, cha redioni.

Akatushusha. Akaangalia kitambulisho changu, akaangalia uso wangu, akasema, "Wewe pita."

Akamgeukia mama. "Wewe bibi, kitambulisho."

Mama yangu Kiswahili alijifunzia sokoni na kanisani, na r na l zake huwa zinabadilishana viti. Akamjibu, "Mtoto, kwanza hujanisarimia."

"Nimekuuliza kitambulisho."

"Sina. Nina cheti cha ndoa." Akakitoa kwenye pindo la kitenge, kimekunjwa mpaka kimekuwa laini kama kitambaa. Cha parokia, kina muhuri.

Afande hakukifungua hata nusu. "Hata wakimbizi wanafunga ndoa. Sikieni lafudhi hiyo. Huyu mkimbizi. Kaa pale pembeni, lori linakuja, utapelekwa kambini, huko watajua la kufanya."

Wakuu, moto ulinipanda kuanzia kwenye nyayo. Nikamwambia huyu ni mama yangu mzazi. Wewe umenipitisha mimi, sasa mimi nimezaliwa na nani, na tenki?

Akasema, "Wewe una kitambulisho. Yeye hana."

Yaani mimi nilikuwa Mtanzania kwa sababu shirika la Wazungu limesema. Aliyenizaa, aliyelima pale miaka yote, akawa mgeni.

Mzee Novati akanivuta pembeni. Alikuwa na nia njema, nisimseme vibaya. Akaninong'oneza, "Mwanangu, akubali tu apande lori. Kambini si ndiko kazini kwako? Utamtoa jioni. Sisi tusigombane na hawa, kesho napita tena hapa."

Katekista naye akaitikia. "Ni jambo la saa chache tu, mama. Kubali yaishe."

Mama alikuwa amesikia. Akasema kwa Kihangaza, bila kupaza sauti, na ninawatafsiria kama alivyosema: "Mkimbizi ni mtu aliyekimbia. Mimi nimekimbia nini? Wale niliowapikia uji walikimbia, na hakuna aibu kwao. Lakini nikipanda lile lori mara moja tu, nimekubali. Kesho watasema, alipanda mwenyewe. Na mtoto wangu ataitwa hivyo, na wajukuu wangu wataitwa hivyo."

Kisha akafanya kitu ambacho hakuna mtu alikitegemea.

Akachukua kibuyu chake, akatembea taratibu mpaka barabarani, akatandika kitenge, akaketi juu ya gogo. Tena si upande wa mawe. Aliketi upande wa ncha, ule unaotakiwa kunyanyuka. Akakipakata kibuyu kama mtoto.

Afande akabaki ameduwaa. "Bibi, toka hapo."

"Umeniambia nikae. Nimekaa."

Mama muuza dagaa akacheka kwa sauti. Nyie, kile kicheko kilinipa nguvu. Nikaenda nikasimama nyuma ya mama yangu.

Afande alitishia. Akapuliza filimbi. Akaita wenzake wamwondoe. Wale wenzake wawili, ambao kweli walikuwa wa mbali, walimtazama mwanamke yule wa umri wa mama zao, kila mmoja akamwachia mwenzake kazi. Hakuna aliyemgusa.

Ndipo nyuma yetu ikasikika honi.

Gari jeupe, la shirika letu. Dereva alikuwa Deusi, jamaa yangu wa karibu, na siti ya mbele bosi wangu na kofia yake. Siku zote gari jeupe likionekana kwa mbali gogo linanyanyuliwa kabla halijafika. Siku hiyo gogo halikunyanyuka. Kuna mtu alikuwa amelikalia.

Sijui niwaelezeje raha niliyoipata. Gari lililokataa kumbeba mama yangu sasa linamsubiri mama yangu.

Bosi akashuka. "Kuna nini? Huyu mama ni nani?"

Nikamwambia, "Ndiye yule mama yangu niliyekuombea siti. Wanasema ni mkimbizi."

Uso ukamwiva. Akaanza kumfokea Afande kwa Kiingereza, Afande naye anajibu kwa Kiswahili, hawasikilizani. Halafu bosi akafungua mlango wa nyuma wa gari, akamwonyesha mama apande. Siti ziko wazi kama nilivyosema.

Mama akaniuliza anasemaje. Nikamwambia.

Akasema, "Mwambie asante. Nina gari yangu, ile pare. Na nikipita kwa gari rake, nitakuwa nimepita kwa sababu yake. Nataka kupita kwa sababu yangu."

Nilitafsiri neno kwa neno. Bosi akaegemea gari lake na kukunja mikono, akasubiri kama sisi wengine. Nilimheshimu kwa hilo, na ninamheshimu mpaka leo.

Sasa hali ikawa mbaya kwa Afande. Nyuma ya gari jeupe likaja lori la mahindi. Nyuma ya lori ikaja pikapu. Madereva wanapiga honi. Jua linapanda na kule Nyamigogo wakwe wako njiani. Mimi moyoni nahesabu, tukichelewa kidogo zaidi, Leokadia hana uchumba.

Afande akatafuta mlango wa kutokea. Akakitazama kile kibuyu. "Hiyo ni nini?"

"Pombe."

"Basi iache hapa, upite. Nakusamehe."

Watu wote wakapumua. Mzee Novati akasema, "Mpe mama, twende!" Hata mimi nilitaka kusema mpe, ila nikakumbuka kwamba bila kibuyu kile safari yenyewe haikuwa na maana.

Mama hakubishana. Akainama, akakiweka kibuyu miguuni pa Afande. "Chukua."

Afande akafurahi. Akaletewa kikombe cha bati. Akatoa majani mdomoni mwa kibuyu, akanusa, akamimina. Povu zuri, pombe imeiva. Wenzake wakasogea.

Kisha, wakuu, akamnyooshea mama kile kikombe.

Alifanya bila kufikiri, kama mtu anavyokwepa tawi. Akamnyooshea, akangoja.

Mama akaficha mikono ndani ya kitenge. "Sionji."

Afande mkono ukaganda hewani. Akasema, "Onja, mama."

"Sionji. Umesema niiache. Nimeiacha. Kunywa."

Sisi wote wa huku, Mzee Novati, katekista, mimi, tuliokuwa tukipiga kelele sasa hivi, tukawa tunatazama kikombe. Afande anakitazama kikombe. Jasho linamtoka ndani ya lile koti.

Mmoja wa wale wenzake akachoka kusubiri. "Wewe vipi? Unangoja nini? Lete." Akamnyang'anya kikombe, akapiga yote kwa pumzi moja, akajifuta mdomo. "Tamu kweli!" Akarudisha kikombe aongezewe.

Afande bado hajagusa.

Hapo mama akamwuliza kwa Kihangaza, polepole, kama anavyoulizwa mtoto aliyepotea mnadani: wewe ni mtoto wa nani?

Afande akageuka kuwatazama wenzake.

Mama akageuza kwenda Kiswahili, ili wote wasikie. "Huyu mwenzako amekunywa. Yeye ndiye ariyetoka mbari, hajui. Wewe umeningoja mimi nionje. Nani arikufundisha hiyo? Tanga?"

Mama muuza dagaa alikaa chini barabarani kwa kucheka. Mzee Novati kavua kofia anajipepea. Mimi mbavu sina, na machozi yananitoka, sijui ni ya kicheko au ni ya hasira iliyopata pa kutokea.

Mama hakucheka. Akasema, "Kama mimi ni mkimbizi, na wewe chukua koti rako uje ukae hapa. Lori rikija tupande wote wawiri."

Afande akachuchumaa mbele yake, kana kwamba anafunga kamba za viatu. Mimi nilikuwa nyuma ya mama, nikasikia kila kitu. Alizungumza Kihangaza cha kwetu kabisa, cha kuzaliwa nacho.

Alisema, "Mama, naomba unyamaze. Hawa wakijua mimi ni wa huku, na mimi watanipakia."

Mama akamwambia, "Kwa hiyo unatupakia sisi kwanza?"

Sijawahi kuona mtu mwenye filimbi na koti akawa mdogo kiasi kile. Akatazama chini. Kisha akataja jina la baba yake na mlima wa kwao. Sitautaja hapa, ana watoto na wanaweza kuwa humu. Mama akaujua ule mlima. Hata yule baba akamjua, alikuwa anashona viti vya ngozi ya ng'ombe.

Afande akasimama. Akaziba kibuyu kwa majani vizuri, akakirudisha kwenye mapaja ya mama kwa mikono miwili.

"Shuka basi mama, nifungue."

"Kwanza tusarimiane."

Mbele ya wenzake, mbele ya gari jeupe, lori la mahindi na pikapu, yule kijana akainama. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Mama akasimama, akakung'uta kitenge, gogo likapanda. Land Rover ya Mzee Novati ilipita ya kwanza. Gari jeupe lilifuata nyuma yetu likila vumbi letu, na Deusi akapiga honi ya furaha mpaka tukaachana njia.

Nyamigogo tulifika wakwe wameshakaa. Wametazamana mpaka wamechoka kutazamana. Mjomba alikuwa anazungukazunguka uani kama kuku anayetaka kutaga. Mama hakukaa hata kunywa maji. Akasimama mbele yao na kibuyu, akawaambia ukweli wote, kwamba pombe hii imefunguliwa njiani, kikombe kimoja kimenyweka kizuizini, na aliyekinywa amemwacha mzima. Kisha akaonja. Wakwe wakacheka, wakanywa, mazungumzo yakaanza. Leokadia leo ni bibi, ana wajukuu wasumbufu sana.

Lakini stori yangu haikuishia huko.

Jioni, jua bado lipo, tunarudi na Mzee Novati yuleyule. Tunakaribia kizuizi. Najiambia, kijana kaaibishwa mchana, na sasa kapata muda wa kufikiri. Nikakunja ngumi kabisa.

Gogo likanyanyuka kabla hatujafika.

Novati akapunguza mwendo. Afande akaja mpaka ubavuni mwa gari. Koti amevua. Akamsalimia mama kwa Kihangaza. Alisalimia kwa sauti, ya mtu anayetaka asikiwe mpaka ng'ambo ya pori, na wenzake wamesimama palepale.

Yule aliyekunywa mchana akashangaa. "Kumbe unaijua lugha yao?"

Afande akamjibu bila kugeuka. "Lugha yangu hiyo."

Mama akaniomba kibuyu. Mimi nilijua kimeisha. Hakikuwa kimeisha. Kumbe alikuwa amebakiza kidogo chini, makusudi. Akaomba kile kikombe cha bati, akamimina, akakiinua ili kijana aone vizuri.

Akaonja.

Kisha akampa. Yule kijana alipokea kwa mikono miwili, akanywa amesimama wima, akamaliza yote.

Nilipita pale siku nyingine nyingi baada ya hapo. Kila mara aliniulizia mama kwa Kihangaza, wenzake wakisikia. Hakuna aliyempakia.

Sasa somo nililolipata, maana najua mtaniuliza. Mtu akikubandika jina lisilo lako, usilipokee hata kwa muda, hata kama wenye nia njema wanakuambia ukubali yaishe. Halitaisha. Mama yangu alilikataa siku moja, barabarani, na mimi ninalikataa leo, kwenye simu, kwa sababu yake.

Na kama wewe ni mtu wa Ngara, au Biharamulo, au mtoto wa mkimbizi uliyezaliwa huku, karibu kwenye komenti, tuambie na wewe uliulizwa wapi wewe ni nani. Wale wa "picha ziko wapi", miaka ile kamera walikuwa nazo Wazungu, waulizeni wao.

Na wewe bwana wa kule jukwaa la siasa, uliyesema tumesahau kurudi kwetu. Nakualika kwetu, Murukulazo. Mama bado yupo, bado anapika. Njoo ukae uani, usiogope kitu.

Tutaonja kwanza, mbele ya macho yako.